Filamu: uende Mlimani, ubaki Malimbe au uanzie studio ya mtaani? Kwa sisi wa Mwanza

Wiki iliyopita mama mmoja jirani hapa Mkolani kanisimamisha njiani, nikamwamkia shikamoo mama, hata marahaba hajaimaliza akaniuliza, "Mwanangu, we si ndo wa makamera? Huyu binti yangu kamaliza fomu siksi, anataka akasome filamu chuo kikuu. Hiyo ni kazi kweli au anaenda kupoteza miaka mitatu?" Nikamjibu kwa kifupi palepale maana alikuwa na beseni la samaki kichwani, ila swali lile limenikaa, kwasababu kila mwaka matokeo yakikaribia naulizwa hilohilo na vijana wa Igoma, wa Buzuruga, wa Pasiansi. Basi naandika hapa kwa urefu, atakayeuliza tena ntamtumia.

Mi nimepita njia mbili. Nilianza kubeba stendi na kushuti harusi kwenye studio moja hapa mjini miaka miwili, afu ndo nikaenda chuo, nikarudi Mwanza kufanya kazi. Nikisema hiki kinapatikana chuo na hiki hakipatikani, nimekikosa au nimekipata mwenyewe.

Njia zenyewe kwa mtu wa huku ziko hivi. Kuna digrii ya filamu na televisheni pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), Mlimani, miaka mitatu. Kuna SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, hapahapa Malimbe, ambako unasoma mawasiliano ya umma, miaka mitatu pia, ndani yake kuna redio, televisheni, uandishi na kamera. Na kuna studio ya mtaani, unaingia kama msaidizi, unabeba, unaangalia, siku bosi anaumwa unashika kamera. Ya nne ni TaSUBa, Bagamoyo, kile chuo cha sanaa kilichoanza 1981, ila hiyo naiona zaidi kwa aliyeishia fomu foo, nitaigusa baadaye.

Nianze na ufundi wa kamera maana ndo watu wanadhani kila kitu kipo hapo. Kamera yenyewe, yaani kuishika, kufokasi, kutembea na gimbo (kile kishikio cha kutuliza kamera) bila picha kutikisika, mtaani unajifunza haraka kuliko chuo, hilo sina ubishi nalo. Studio yenye harusi kila Jumamosi na sendofu Ijumaa, ndani ya miezi sita mkono wako umezoea. Darasani kwetu tulikuwa wengi kamera chache, unasubiri zamu wiki nzima uishike dakika arobaini, na aliyekuja hajawahi kushika kamera alitoka mwaka wa kwanza bado anatafuta kwa macho batani ya ISO, ile ya kupandisha mwanga wa picha.

Lakini sikiliza hii. Studio nilikoanzia tulikuwa tunapiga harusi kwenye kumbi zenye zile taa ndefu za tyubu, ukirudi kuangalia video unaona mistari ya giza inapanda kwenye picha polepole kama maji yanavyopanda ukutani. Bosi anasema ukumbi una taa mbovu. Nikaamini, miaka miwili yote naamini ni taa mbovu. Kufika chuo, kama mwezi wa pili hivi, mwalimu akachora ubaoni: umeme wetu ni hezi 50, maana yake taa inawaka na kufifia mara 100 kila sekunde, sasa kamera ikiwa imetoka dukani imesetiwa fremu 30 (picha 30 kwa sekunde) na shata 1/60 (kila picha inapigwa kwa 1/60 ya sekunde) haiendi sawa na huo mpigo wa taa, ndo mistari inatokea. Weka fremu 25 na shata 1/50, ukiona bado mistari ipo jaribu 1/100. Nusu saa tu, somo limeisha. Nilikaa pale nikawaza zile familia zote, bwana harusi anamvisha mkewe pete na mistari inapita juu ya nyuso zao, na ile siku hairudi. Bosi wangu alikuwa mtu mwema na alinifundisha mengi, ila na yeye alifundishwa na asiyejua, na huyo naye hivyohivyo. Hapo ndo tofauti ya chuo na mtaa kwa upande wa ufundi: mtaa unakupa mkono, chuo kinakupa sababu. Ukijua sababu, siku ukikutana na taa za aina nyingine kabisa unajua pa kuanzia.

Saundi ndo usiseme. Mtaani Mwanza, na sidhani kama ni Mwanza tu, saundi inachukuliwa kama kitu kitakachorekebishwa na muziki, unaweka bongo fleva juu mchezo umeisha. Kabla sijaenda chuo nilienda Mwaloni pale Kirumba kumrekodi mama mmoja muuza dagaa kwa ajili ya kipindi cha watu fulani, saa tisa alasiri, upepo wa ziwa umeshachachamaa, maiki nimeichomeka juu ya kamera, mi niko mita tatu kwasababu nataka nione na magunia nyuma yake. Mama aliongea vizuri mno, alieleza jinsi anavyolala macho usiku mvua ikinyesha dagaa ziko nje kwenye nyavu za kuanikia, alilia kidogo. Nafika nyumbani naweka hedifoni nasikia vuuuu, vuuuu, na mashine ya boti. Neno moja moja tu. Kesho yake nikarudi kumtafuta nikaambiwa kapanda boti ya Ukerewe, hajulikani anarudi lini, na hata angerudi asingeongea vile tena. Chuo walitufundisha saundi muhula mzima: maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, iwe karibu na kifua, unaificha chini ya kitenge ila isisuguane, unaivalisha manyoya kuzuia upepo, hedifoni masikioni muda wote, na ukifika mahali rekodi kwanza sekunde 30 za mahali penyewe bila mtu kuongea utakuja kuzihitaji kwenye kuediti. Na cha muhimu kwa huku kwetu, nenda asubuhi, kabla jua halijapasha nchi kavu upepo wa kutoka ziwani unakuwa bado haujaanza kusukuma.

Malimbe kwenye hili la saundi wako vizuri kuliko watu wanavyofikiria, na sababu ni redio. SAUT wana kituo chao cha redio, Radio SAUT, na mwanafunzi wa mawasiliano ya umma anapita kwenye mambo ya redio, sikio lake linafundishwa kabla ya jicho. Nimefanya kazi na vijana wa pale kadhaa, ukiwaweka kwenye mahojiano hawahangaiki, wanajua kuuliza, wanajua kunyamaza mtu anapofikiria, wanajua kuhakiki jina na tarehe. Pale ni mahali pa uandishi wa habari tangu enzi za Nyegezi Social Training Centre iliyoanza 1960, kabla hapajawa chuo kikuu 1998, na wazee wengi bado wanapaita Nyegezi tu. Kwahiyo kama filamu unazozitaka wewe ni makala za video, dokumentari, vipindi vya televisheni, kazi za mashirika, mi nasema wazi Malimbe inakutosha na huna haja ya kuhama. Ila kama unataka hadithi za kuigiza, waigizaji, skripti ya kurasa 90, kupanga taa ili chumba kionekane ni usiku wa manane wakati nje ni saa sita mchana, hapo utakuwa unasoma habari huku roho yako iko kwenye filamu na utajifunza hayo mengine mwenyewe pembeni.

Sasa hadithi, hapa ndo nina maneno mengi na hapa ndo nadhani digrii ya filamu inajilipa.

Chukua Bulabo, yale mashindano ya ngoma ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, mwezi wa sita. Wote tunaijua, ni makundi mawili ya wachezaji, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, wanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi kwake. Nilishuti Bulabo kabla ya chuo na nikashuti tena baada ya chuo, klipu zote ninazo. Ya kwanza ni mchezaji, mchezaji, nyoka, mchezaji, vumbi, mtoto anacheka, droni, mchezaji. Ni nzuri kwa macho, dakika tatu umechoka. Nilikuwa nashuti ngoma. Ya pili nilijiuliza swali ambalo mwalimu wetu alikuwa anatuuliza kila tukimpelekea wazo, nani anataka nini na kinamzuia nini. Kwenye Bulabo anayetakiwa ni mtazamaji! Lile kundi la watu lililosimama katikati ndo linalogombaniwa. Nikageuza kamera kwa watu, nikamfuata baba mmoja mzee ana fimbo, kasimama, anageuza shingo kushoto, kulia, miguu yake inaanza kusogea upande wa Bagalu hatua mbili, upande wa pili wanatoa kitu kipya, anasimama, anarudi. Huyo mzee peke yake ni filamu. Hata mtu wa Lindi asiyejua Kisukuma hata neno mwangaluka akiiangalia anabaki anataka kujua mzee ataishia wapi. Kamera ni ileile, mpigaji yuleyule, kilichobadilika ni swali.

Hilo swali ningeweza kulipata mtaani? Labda. Lakini mtaani hamna mtu ana muda wa kukaa na kazi yako kuikata kipande kwa kipande akuambie hapa umenipoteza, hapa ulitakiwa kutoka sekunde mbili kabla. Mteja anataka harusi yake Jumatano. Chuo unapewa miaka mitatu ya kukosea mbele ya watu ambao kazi yao ni kukuambia umekosea, pamoja na wenzako thelathini ambao wanaona filamu hiyohiyo wanasema kitu tofauti. Inauma. Mi filamu yangu ya kwanza ya darasani ya dakika saba ilibaki dakika mbili na nusu baada ya maoni, nikaenda geto nikalala bila kula. Ila zile mbili na nusu ndo nzuri mpaka leo.

Na tukumbuke, filamu iliyoitangaza Mwanza zaidi duniani, ile Darwin's Nightmare ya 2004, ya sangara na madege ya mizigo, mpaka ikapendekezwa Oscar, aliyeitengeneza ni mtu wa Austria. Watu wetu wengi walikasirika kwa jinsi tulivyoonyeshwa. Mi nakasirika zaidi kwamba miaka ishirini imepita na ziwa letu lenyewe bado linasubiri sisi tulieleze. Ndo maana binti wa Mkolani akiniambia anataka kusoma filamu simkatishi tamaa hata kidogo.

Ila mtaa nao una haki yake na kuna vitu sijaviona chuo chochote vikifundishwa. Bibi harusi anaingia ukumbini mara moja. Hamna "kata, turudie." Nilikuwa na mwenzangu darasani, anajua nadharia zote, anakuchambulia filamu mpaka unaona aibu, nikamleta kwenye sendofu moja anisaidie kamera ya pili, keki inakatwa yeye bado anatafuta engo, aliyoipata ni mgongo wa MC. Sio mjinga, hajawahi tu kufanya kazi isiyorudiwa. Mtaani unajifunza kusoma ukumbi, unajua shangazi akianza kusogea mbele na kanga mkononi kuna kitu kinakuja unakaa tayari. Unajifunza hela pia: nusu mkononi kabla hujatoka na kamera, nusu iliyobaki kabla flashi haijatoka, na huogopi kumwambia hivyo mtu mzima kwa heshima, "Baba, samahani, utaratibu wetu uko hivi." Chuo kilinipa somo moja la biashara ya filamu, lilikuwa zuri, la mikataba na haki na kwamba kushuti filamu kunataka kibali cha Bodi ya Filamu na droni inataka kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) na Wizara ya Ulinzi, vitu ambavyo studio nyingi huku hawavijui mpaka siku wamekamatiwa vifaa. Ila kudai deni la harusi ya mwezi wa nane, hilo ni la mtaani.

Hela ya kusomea. Hapa nisizunguke. Digrii, iwe Mlimani au Malimbe, kwa fomu siksi unahitaji prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4 kwenda juu, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, yaani hata D mbili zinakufikisha mlangoni ingawa kila kozi ina masharti yake ya masomo, soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huohuo, na ada uangalie humohumo maana zinabadilika. Ukipata mkopo wa Bodi ya Mikopo, bumu linakusaidia kula, ila ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe, sio zawadi. Tofauti kubwa kati ya Mlimani na Malimbe kwa mtoto wa Mwanza sio ada, ni kuishi. Ukisoma Malimbe unalala kwenu, unakula ugali wa nyumbani, unapanda daladala kwenda darasani. Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi, chumba, maji, chakula, na likizo fupi hurudi kwasababu nauli. Kuna wazazi naona wanajibana kweli hapo na mtoto huko anajibana vilevile, mnunulie laptopu ya kuedit basi, inakuwa ndoto. Mi nashauri familia kabla ya kuchagua wapige hesabu ya laptopu yenye RAM ya GB 16 humo ndani kama vile ni sehemu ya ada, kwasababu bila hiyo mwanafunzi wa filamu anabaki kuombaomba mashine za wenzake usiku. Programu haina shida, DaVinci Resolve ina toleo la bure na linafanya kazi za kweli.

Kitu kingine ambacho hakionekani kwenye mwongozo wowote ni kalenda ya ziwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa zinavuta dagaa pale mwezi usipokuwepo, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wanapumzika, wanashona nyavu. Ukiwa Dar na filamu yako ni ya wavuvi, unarudi likizo siku kumi umekuta mbalamwezi, umekwisha. Nimewahi kusubiri hivyo nikaondoka mikono mitupu. Aliyeko Malimbe anatoka darasani Ijumaa, anaangalia mwezi, anashuka mwaloni. Anajuana na wenye mitumbwi, wamemzoea, kamera hawaioni tena. Kwa dokumentari hiyo ni mali kubwa kuliko lenzi yoyote. Na kazi zenyewe zipo hapa, kuna taasisi kama TAFIRI ya utafiti wa uvuvi na NIMR ya utafiti wa magonjwa zina vituo Mwanza, kuna miradi ya uvuvi na afya na mazingira, wote wanahitaji video na wanapenda mtu anayejua kuandika na anayejua ziwa.

Dar inachokuzidi nacho ni watu. Vituo vikubwa vya televisheni, matangazo ya biashara, tamthilia zinazopigwa kila siku, na darasani unakutana na atakayekuwa mtu wako wa saundi, mwongozaji wako, mwigizaji wako, miaka kumi mbele mnaitana. Mi kazi yangu kubwa ya kwanza ilitoka kwa niliyekaa naye dawati moja. Mtandao wa Mwanza ni mdogo, unaujua wote ndani ya mwaka.

TaSUBa kama nilivyosema, aliyefaulu fomu foo kwa D nne anaweza kuanzia ngazi ya cheti, apande mpaka diploma kwa miaka mitatu, na diploma yenye GPA ya 3.0 inamfungulia tena mlango wa digrii. Ni sanaa kwa vitendo, kuigiza, ngoma, muziki, mambo ya filamu. Kwa mtoto mwenye mwili wa sanaa asiyependa kukaa na madaftari ni bora mara kumi kuliko kubeba stendi miaka mitatu bila cheti. Upande wa mkopo mwende mmejipanga, mikopo ya diploma inaenda kwenye fani chache za kipaumbele.

Kwa yule mama nilirudi nyumbani kwake Jumapili tukakaa vizuri na binti mwenyewe. Nikamuuliza binti anataka kueleza nini, akasema bibi yake alikuwa mganga wa kienyeji kule Magu, na anataka aigize, sio aripoti. Hapohapo nikajua huyu ni wa Mlimani, nikamwambia mama hivyo, chaguo la kwanza filamu Dar, la pili Malimbe ili mkopo ukikosekana asikae bure. Ila kabla ya chuo kufunguliwa aende studio miezi hii iliyobaki, bila kudai hela, abebe stendi. Mama akauliza, "Na usiku wa harusi atarudi na nani?" Swali la haki kabisa, kwa mtoto wa kike lazima liulizwe kabla ya yote. Nikamtafutia studio inayoendeshwa na dada mmoja, wanarudishana kwa gari lao.

Ameshaanza. Juzi kanitumia klipu ya simu, dakika mbili, bibi yake anachambua mizizi kwenye ungo, mkono tu na ungo, uso hauonekani mpaka mwishoni kabisa. Nimeirudia mara nne. Nyuma kuna jogoo na upepo umekula nusu ya maneno ya bibi. Nimemwambia apite Jumamosi achukue maiki yangu yenye manyoya, na arudi Magu asubuhi, bibi bado yupo.